Kichwa Kilichotiwa Maji

Nkunga, Tukuyu
14 Januari 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Ugonile, umeamkaje, mwanangu. Ndaga, asante. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunakwenda kanisani, kwa hiyo sina la kumlalamikia Mungu zaidi ya mvua. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Imelaza migomba ya nyuma ya nyumba, na chai ya bondeni hatuichumi vizuri kwa sababu ya utelezi. Parachichi zimebeba, tunashukuru. Shangazi yako Felista, binti wa baba yetu mkubwa, anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Mzee Andongwisye, mkuu wa ukoo wetu, yuko kitandani tangu Krismasi, tumwombee. Msalimie sana shemeji Esnath, mama yako. Mwambie migomba aliyoipanda ile bado inazaa.

Nimekupigia simu mara nyingi, inaita kisha inakatika. Mwanangu Wilson anasema umenizuia. Nimemwambia hapana, ni mtandao wa huku mlimani. Ndiyo maana nimeandika na kuikabidhi barua hii kwenye basi.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka Doreen, kitinda mimba wangu. Ameolewa Suma na kijana mmoja mtulivu, Erasto. Mwezi wa kumi walipata mtoto wa kiume. Mtoto mzima, mweusi kama sisi, ila nywele zake zimekuja za singa. Zinalala, halafu mwishoni zinajikunja kidogo kama vikonyo vya mboga ya maboga. Mama mkwe wake, Prisca, amesema ukoo wao hauna singa, na mpaka leo hawajampa mtoto jina. Miezi inapita, mtoto anaitwa Mtoto. Erasto anamsikiliza mama yake tu. Doreen analia mpaka maziwa yanapungua.

Tumesikia kwamba kazi yako huko Dar es Salaam ni kupima nywele za watu kwenye maabara. Mungu hutengeneza njia mapema. Tunaomba utuandikie karatasi ya kitaalamu, iwe na muhuri, ieleze kwamba nywele za namna hiyo hutokea tu na si kosa la mwanamke. Mambo ya zamani yamepita, mwanangu. Sisi ni damu moja.

Baba yako mdogo,
Ambindwile


Dar es Salaam
3 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Shikamoo hiyo nimeiandika kwa sababu mama amekaa hapa pembeni na hataki niiruke.

Yeye hajambo. Presha inapanda na kushuka, lakini anatembea, na bado anapika mbalaga kila Jumapili kwa ndizi za huku ambazo anazitukana tangu anazimenya mpaka anazila. Nilipomsomea habari ya migomba yake aliinuka. Alikwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Si mtandao wa mlimani. Wilson amesema kweli, nimekuzuia. Ukiwa na neno nami, andika. Maneno ya mdomoni nayajua yanavyokwenda: mtu akishayasema, kesho kila aliyekuwepo anadai alikuwa jikoni, hakusikia.

Barua yako imekaa mezani kwangu zaidi ya mwezi, na nitakwambia kwa nini. Umeandika neno "singa" mara mbili bila kigugumizi. Nilitaka nione kama ningeweza kulisoma bila kuvunja kitu.

Nikukumbushe, maana inaelekea mvua imekusahaulisha. Nilikuwa darasa la tatu baba alipokufa. Siku ya kumaliza msiba watoto na wadogo wa marehemu tulikalishwa juu ya majani ya migomba tunyolewe, kama ukoo wetu unavyofanya, na wembe alikuwa nao shangazi Felista. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Mimi nilitia. Nilikwenda bombani nikajilowesha kichwa chote, nikarudi kwenye mstari nikakaa katikati ya binamu zangu. Shangazi alipofika kwangu alikutazama wewe. Ukasema, watu wote wakisikia: "Huyo mpite. Singa hizo si zetu. Apelekwe kwa Tamimu akanyolewe."

Wembe ukaenda kwa Wilson. Maji yakanichuruzika mgongoni mpaka gauni likalowa, na sikujua kama naruhusiwa kuondoka.

Tamimu, fundi cherehani wa Ibighi, kosa lake lilikuwa kumshonea mama gauni la kanisani na kutoka katika watu wa pwani. Hilo lilitosha. Wiki ile ile mama alifungasha. Alinunua wembe kwenye duka la Biubwa, mke wa huyo huyo Tamimu, akaninyoa stendi tukisubiri gari la Mbeya, mimi nimekaa juu ya sanduku, abiria wanatutazama. Biubwa alituletea maji ya moto kwenye birika. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga ya baba yangu.

Sasa unasema damu moja. Sawa. Tupime.

Kazi yangu ni hii: nachukua nywele za mtu, nazisafisha, nazilaza juu ya kioo zijikunje zenyewe zinavyotaka, kisha napima upana wa kila duara zinalotengeneza. Halafu nazikata nyembamba kabisa na kuzitazama kwa hadubini, kuona kama unywele ni mviringo kama uzi au umebonyea kama utepe. Siwezi kuandika karatasi juu ya hewa. Nitumie nywele za ukoo wote, watu wazima na watoto. Zikatwe kwa mkasi, karibu na ngozi, kutoka utosini, kisogoni na juu ya sikio. Zisipungue urefu wa pingili mbili za kidole. Kila mtu bahasha yake na jina lake.

Nikisema wote, ninamaanisha wote.

Tupokigwe


Nkunga
7 Aprili 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Ndaga fijo kwa barua yako, ingawa ilikuwa na pilipili. Tunamshukuru Mungu mama anatembea. Huku mahindi yamechanua, na barabara ya kwenda Suma imekatika tena, tunapita kwa miguu. Mzee Andongwisye bado yuko vile vile.

Kuhusu msiba wa kaka yangu, siku ile watu tulikuwa na huzuni, na mwenye huzuni husema hata yasiyokuwemo. Tusifukue.

Nimekutumia nywele kwa basi. Usifikiri ilikuwa kazi ndogo. Ungekuwepo ungecheka. Ukiwaambia watu wa hapa wakate nywele zao zipelekwe kwa mtu wa mbali ambaye hawajamwona miaka mingi, na mtu huyo ana sababu ya kuwachukia, unafikiri watafikiri nini? Felista alisema waziwazi kwamba unataka kutufunga sote kwenye chupa. Alikubali baada ya mchungaji kuuombea mkasi. Hata hivyo amesema ukimaliza uzirudishe, amezihesabu. Wilson amejaza bahasha ya kwake na za wanawe. Doreen amekata zake na za mtoto kidogo tu, maana kichwa cha mtoto hakijawa na akiba.

Za kwangu hazimo. Kama unavyojua, mimi nina upara.

Tafadhali harakisha. Prisca ameanza kuongea mpaka mnadani.

Baba yako mdogo,
Ambindwile


Dar es Salaam
12 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu, mimi ninaandika. Joto la huku limepungua, ila mvua imeingia mpaka chumbani. Mwambie shangazi Felista nywele zake ziko salama, hakuna chupa, na nitamrudishia zote.

Nimepima. Nitakueleza kwa maneno ya kawaida, kwa sababu nataka uelewe.

Ukoo unaojivunia kipilipili hauna kipilipili kimoja. Kichwa cha Wilson peke yake kina nywele za aina tatu: utosini zimekaza mpaka duara lake halipitishi njiti ya kiberiti, kisogoni zimelegea kidogo, juu ya sikio zimelegea zaidi. Wanawe wawili wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani. Felista anajikunja upande mmoja kuliko mwingine, kama maneno yake. Kila nikipima watu naona hivyo hivyo, kichwa kimoja kinabishana chenyewe. Nywele za mtoto mchanga ndiyo kabisa, zinaweza kubadilika akianza kutembea. Mtu anayetaka kumjua baba wa mtoto kwa kutazama nywele ni kama anayetaka kujua dini ya mtu kwa kutazama ndizi zake.

Nilimwandikia pia Biubwa, Ibighi. Mzee Tamimu yu hai, bado anashona, sasa kwa miwani miwili. Biubwa alimvua kofia akanikatia nywele zake na kunitumia pamoja na udi, Mungu ambariki. Baba mdogo, kaa chini. Tamimu ana kipilipili kilichokaza kuliko kichwa chochote cha Nkunga. Mwenye nywele za pwani, mwenye kuniachia singa zake, ana nywele za kusugulia masufuria. Miaka yote ile alivaa kofia, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kutazama chini yake.

Sasa tuje kwenye kofia nyingine.

Unasema una upara. Upara hauachi povu nyuma ya sikio. Nilikulia ua mmoja na wewe. Kila Jumamosi ulikuwa unakwenda nyuma ya jiko na beseni kabla watu hawajatoka, na Jumapili kichwa kinang'aa. Nilidhani ni utakatifu. Barua yako ya kwanza ilipofika, mama ndiye aliyenieleza. Baba yangu alikuwa akinishika kichwa na kucheka, anasema: "Mwanangu na mdogo wangu wamegawana kichwa cha mama." Nywele za bibi, ambazo hakuna aliyeziona kwa sababu bibi hakuvua kitambaa mbele ya mtu. Wewe uliziona. Ulikuwa nazo.

Kwa hiyo siku ile ulijua.

Mama anasema uliogopa kidole kisije kikatafuta kichwa kingine, basi ukakielekeza kwangu. Mama ana huruma. Mimi sina, na sitaki nianze leo.

Karatasi nitaandika. Mtoto wa Doreen hajanikosea. Lakini karatasi itakwenda Suma pamoja na kichwa chako. Weka wembe chini. Fuga nywele mpaka zionekane, na siku ya kikao ukae mbele ya Prisca bila kofia.

Tupokigwe


Nkunga
26 Mei 2024

Tupokigwe,

Nimeisoma barua yako. Mimi ni mzee wa kanisa. Mimi ni baba yako, upende usipende. Mtoto hamvui baba yake kofia.

Nimewalea wengi katika ua huu, hakuna aliyewahi kuniandikia habari ya beseni. Elimu uliyopata si ya kupima nywele, ni ya kupima dharau. Nilikuomba karatasi, hukuombwa hukumu. Bibi yako muache alale.

Doreen amerudishwa nyumbani na mtoto. Wamesema kikao kitakuwa mwezi wa kumi, baada ya hapo wanamrudisha moja kwa moja. Kama moyo wako unaridhika na hilo, baki nao.

A.


Dar es Salaam
9 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo (mama yupo).

Nywele hukua kwa mwezi kiasi cha upana wa kucha. Ukiacha leo, mwezi wa kumi zitatosha.

Ni wewe unayeshika wembe, kama siku zote. Safari hii wa kupitwa ni mjukuu wako. Mkuki kwa nguruwe.

Tupokigwe


Nkunga
18 Agosti 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Ugonile. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Ukungu hauondoki Rungwe mpaka saa tano, na viazi tunavichimba kwa mikono iliyokufa ganzi. Ng'ombe amezaa jike. Kikundi cha chai kimenichagua tena kuwa mwenyekiti, nimejaribu kukataa, hawakunisikia. Msalimie shemeji. Mwambie nimechimbua migomba yake miwili iliyozeeka na kupanda machipukizi yake hapo hapo.

Doreen hajambo. Mtoto ana meno mawili na anacheka na kila mtu, hata na wageni wa kanisa. Nikimpakata ananishika kichwani, ananivuta. Ana nguvu.

Jumamosi siku hizi nina nafasi. Nakaa tu uani.

Kofia yangu ya sufu imeanza kunibana. Nadhani ilisinyaa ilipofuliwa. Wilson ameniuliza kwa nini navaa kofia mpaka mezani, nikamwambia ni baridi.

Sina neno jingine.

Baba yako mdogo,
Ambindwile


Dar es Salaam
8 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo mama hayupo, amekwenda kanisani. Ujue basi kwamba shikamoo hii nimeiandika mwenyewe, na nimeiandika kwa furaha. Niliposoma habari ya kofia kubana nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akanifungulia dirisha.

Kofia ya sufu haisinyai ghafla kwenye kichwa kinachoota.

Nakutumia karatasi pamoja na barua hii. Ina muhuri. Inasema kwamba umbo la nywele hutofautiana ndani ya taifa moja, ndani ya ukoo mmoja, ndani ya kichwa kimoja, na kwamba nywele hazina uwezo wa kumshuhudia baba wa mtu wala kumkana. Ni kweli tupu, na nimeipa jina la Doreen na mwanawe. Nisikilize vizuri: ni yao. Haikutaji wewe.

Kikaoni kaa mstari wa mbele. Usivuliwe kofia na mtu. Uivue kwa mkono wako.

Tupokigwe


Nkunga
24 Novemba 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Ndaga, mwanangu. Mvua zimeanza, tumepanda maharage. Mama yako Mungu ampe nguvu. Nimechelewa kuandika kwa sababu mambo yamekuja mawili kwa pamoja, moja la kicheko na moja la kilio, nami sikujua nianze na lipi.

Tulikwenda Suma Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Mimi, Wilson, Felista na mchungaji. Doreen alikaa mkekani na mtoto. Wilson akasoma karatasi yako yote, neno kwa neno. Prisca alisikiliza, kisha akaisogeza pembeni kwa kidole. Akasema, "Karatasi hata mimi ningeandikiwa. Mimi ninauliza nywele hizi mtoto amezitoa kichwa gani."

Nikavua kofia.

Sitakuelezea sana. Wilson alinitazama kama mgeni, na ni mwanangu wa kumzaa. Prisca aliinuka, akaweka mkono mmoja kichwani kwangu na mwingine kichwani kwa mtoto, akapapasa huku na huku kama anachagua kitambaa dukani. Halafu akacheka, akasema, "Baba, kumbe ulituficha!" Akambeba mtoto. Erasto alilia mbele za watu. Wamempa mtoto jina langu. Anaitwa Ambindwile, na Doreen amerudi kwake. Hilo ni la kicheko, na nakushukuru kwa hilo, hata kama hutaki.

Tulipofika Nkunga habari ilikuwa imeshafika kabla yetu. Watu wakawa wanakuja kusalimia, wanatazama juu ya macho yangu. Sikurudia wembe. Nilijiambia ya kuonekana yameshaonekana.

Mwanzoni mwa mwezi huu mzee Andongwisye akafariki. Tumemzika kwa heshima, mvua ikatupumzisha. Siku ya kumaliza msiba wadogo na wana wa ukoo tulikaa kwenye majani ya migomba, nami nikakaa mbele kwa sababu sasa mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimeshatia maji. Felista akaja na wembe. Akanyoa wa kulia kwangu. Alipofika kwangu akasimama. Nikamwambia, "Nyoa, dada." Akasema, "Singa hizi si zetu, Ambindwile. Ni neno lako. Mimi nimekutunzia tu."

Akapita. Akampita na Wilson. Akawapita na watoto wa Wilson, wadogo wale, wamelowa vichwa. Nilitazama huku na huku nikitafuta wa kumwambia Felista akome, na kila mtu alikuwa anatazama majani. Maji yalinichuruzika mpaka kwenye mkanda.

Sasa wanasema mimi sikuwa mtoto wa baba yangu. Wanamtaja bibi yako, marehemu, na mpita njia fulani wa zamani. Wanasema ukuu wa ukoo uende kwa upande wa Felista, na mashamba ya Wilson yaangaliwe upya. Kanisani wamehama benchi langu.

Mwanangu, una karatasi. Umeshaiandika mara moja, iandike tena kwa jina langu. Ya kwako ile inasema nywele hazimshuhudii baba wa mtu. Nisomee hiyo hapa uani, wanakuheshimu kwa kazi yako. Kama si kwa ajili yangu basi kwa bibi yako, maana ni yeye wanayemtukana kaburini. Fanya haraka. Kichwa kilicholowa bila kunyolewa hakikauki, sasa najua.

Baba yako mdogo,
Ambindwile


Dar es Salaam
8 Desemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama alisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili alilia. Alisema niende, nikasamehe, mambo yaishe. Nimemwambia nitakwenda.

Nimezipanga barua zako zote mezani na kuzisoma tangu ya kwanza, natafuta neno moja. Umeandika mvua, chai, ng'ombe, machipukizi ya migomba. Umeandika kwamba wenye huzuni husema yasiyokuwemo. Umenishukuru. Sasa hivi umeandika kwamba unajua kichwa kilicholowa kinavyokuwa. Lakini hukuandika kwamba ulinikosea. Hata pale ulipokuwa unaniomba nikuokoe, hukuandika.

Unasema wanamtukana bibi. Ni kweli, na inaniuma, maana ninavaa kichwa chake. Ila usiwasingizie wao kuwa ndio walioanza. Siku ile uliposema singa si zetu, ulikuwa na singa za mama yako chini ya wembe wako, na mama yako alikuwa amekaa ndani na kitambaa chake, anasikia. Wewe ndiye uliyemtukana wa kwanza. Wao wamepokea tu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nakuja Nkunga baada ya Krismasi. Nitashukia Ibighi kwanza, nimsalimie Biubwa na mzee Tamimu. Wamekubali kupanda nami. Nitakuja na karatasi, na nitaisoma uani, wote wakiwepo. Imeandikwa kwa jina la bibi: kwamba nywele zake zilikuwa zake, na hazikuibwa kwa mpita njia yeyote. Inamtaja Wilson na wanawe. Inamtaja mama yangu. Inamtaja Tamimu, na neno lililosemwa juu yake, na nani aliyelisema. Huko ndiko utakakolisikia jina lako. Kwingine halimo.

Nimezungumza na shangazi Felista kwenye simu. Amekiri kwamba neno lile limemkaa kooni tangu nilipokuwa mtoto, na kwamba alipokupita alijisikia mwepesi. Ya ukuu na mashamba nimemwambia aache, atakuwa anarudia dhambi yako kwa tamaa yake. Amenung'unika, amekubali. Magoti yamemshinda, hawezi tena kuinama kwenye vichwa vya watu. Wembe lazima ushikwe na shangazi wa watoto, na kwa watoto wa Wilson shangazi mkubwa ni mimi, Doreen ni mdogo. Ameniachia.

Kwa hiyo siku hiyo tutamaliza msiba wa mzee Andongwisye kwa waliopitwa, na wa baba yangu kwa pamoja. Waambie watoto wa Wilson wakae kwenye majani, nitawanyoa kwa mkono wangu, mmoja mmoja, taratibu. Wilson naye. Nitamwomba Felista aninyoe mimi hata kama atanyoa amekaa.

Ukitaka wembe, Biubwa anauza. Stendi iko hapo hapo, na kuna mahali pa kukaa kama una sanduku.

Uani uje, utakuwa umekaribishwa kama mtu yeyote. Ila usitie maji.

Singa